Maua Yamekula Maneno

Wenzangu wa kalamu, sisi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na diwani. Sekondari tulifundishwa kuzichambua kwa fani na maudhui, tukakariri muundo, mtindo, wahusika na mandhari mpaka tukayaota usiku. Lakini kuna kitabu kimoja kilichomo ndani ya karibu kila nyumba ya Musoma, Bunda na Butiama, kitabu ambacho mgeni hukabidhiwa kabla hata chai haijachemka, nacho hatujapata kukihakiki. Nasema albamu. Ina wahusika, ina mandhari, ina mtiririko wa matukio, na siku hizi ina hata wachapaji wake pale stesheneri. Basi kwa nini ipite hivi hivi bila kusemwa? Mimi leo naisema.

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Filamu ilipelekwa studio, ikasafishwa, zikatoka posikadi 36, zikatumbukizwa kwenye mifuko ya nailoni moja baada ya nyingine, mwisho wa habari. Waliojiweza walinunua zile albamu za kurasa zenye gundi na karatasi ya nailoni juu yake. Leo hizo ndizo zinazotutoa machozi, maana gundi imezeeka, imekuwa ya njano, na picha haibanduki bila kuchanika. Hata hivyo albamu zile zilikuwa na siri moja. Ukiitoa picha na kuigeuza, nyuma ulikuta maandishi: jina, tarehe, mahali, pengine na maneno ya kumtania aliyepewa. Habari nzima ilikaa mgongoni mwa picha. Sasa picha ya simu haina mgongo. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Vijana wa leo wanapanga picha kwenye simu au kompyuta, ukurasa kwa ukurasa, wanatia fremu, rangi, maua na maandishi, kisha wanaziweka kwenye flashi na kwenda kuzichapisha. Kazi hii ya kubandika kumbukumbu kitabuni haikuanza na kompyuta. Mwandishi Mmarekani Mark Twain alipata hataza ya kitabu cha kubandikia vipande, chenye gundi tayari kwenye kurasa zake, mwaka 1873. Naam, Mark Twain huyo huyo wa mto Mississippi. Mwandishi mwenzetu aliona dili ndani ya gundi!

Lakini nirudi nyumbani. Mezani kwangu nina vitu viwili, na uhakiki huu wote unasimama juu ya hivyo viwili.

Cha kwanza ni kaunta buku la kwaya mbili. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi upande wa Butiama, na ameniomba nisimtaje jina. Nami namwita Mzee tu, yeye ananiita mura, kama wazee wa Mara wanavyowaita vijana wao. Kaunta buku hilo alilianza Alhamisi ya tarehe 14 Oktoba 1999, siku redio ilipotangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London, akalifunga wiki chache baada ya maziko ya Jumamosi tarehe 23 pale kijijini. Ukurasa wa kushoto alibandika vipande vya magazeti kwa uji wa muhogo. Ukurasa wa kulia aliandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza, kila herufi imesimama kwa miguu yake.

Sasa tazama ufundi wake. Magazeti yalikuwa yakimfikia kwa kuchelewa, kwa hiyo juu ya kila kipande ameandika tarehe mbili: ya gazeti, na ya siku lilipofika mkononi mwake. Pengine siku mbili, pengine nne. Ukisoma kushoto unaona serikali, marais wa kigeni, gwaride, hotuba. Ukisoma kulia unakuta nani aliazimwa mabenchi na nani hakuyarudisha, mvua ilinyesha saa ngapi, magari yalivyoongezeka barabarani kutoka Makutano, dagaa walipandaje bei kwa sababu ya wageni. Gazeti linalilia taifa, Mzee anahesabu mabenchi. Na kadiri unavyoendelea kusoma ndivyo unavyogundua kwamba anayelia zaidi ni huyu wa mabenchi. Hakuna mahali alipoandika kwamba ana huzuni. Ameandika kwamba alikwenda kisimani akasahau ndoo.

Ukurasa wa tarehe 23 ndio ninaoupenda kuliko yote. Kushoto, ripoti ndefu ya maziko, imekunjwa mara mbili ili ienee. Kulia, mstari mmoja tu: amerudi kwa miguu, hajala. Halafu ukurasa mtupu mpaka chini. Nimesoma riwaya nyingi zenye vifo, na baadhi yake vinachukua sura nzima. Huu mstari mmoja na ule weupe chini yake vimeniingia zaidi.

Kitu cha pili ni kitabu kilichotokana na hicho cha kwanza. Watoto wa Mzee walitaka kumpa zawadi, wakalichukua kaunta buku, wakalipeleka kwa fundi wa kompyuta katika mmoja wa miji yetu hii, likaingizwa humo, likapangwa na kuchapwa kwa rangi. Kimetoka kitabu cha A4, kurasa 24, jalada la nailoni, spairo nyeusi. Kwa kukitazama kwa mbali, ni bomba. Kinang'aa kama kadi ya harusi.

Tatizo ni kwamba ni kadi ya harusi kweli. Kila ukurasa una waridi pembe nne, fremu ya dhahabu, na vipepeo wawili wanaoruka kuelekea jina la marehemu. Maandishi ya Mzee yamechapwa upya kwa herufi zile za kujikunjakunja, mkia wa hii umeingia mdomoni mwa ile. Na kwa kuwa herufi hizo zinakula nafasi, na waridi nayo yanakula nafasi, maneno ikabidi yapunguzwe. Mabenchi hayamo. Ndoo haimo. Dagaa hawamo. Zile tarehe mbili zimekuwa moja, ya gazeti, kwa hiyo kule kusubiri kote kumefutika, na sasa inaonekana kana kwamba Butiama habari zilifika saa ile ile zilipotoka mtamboni Dar es Salaam. Vipande vya magazeti vimekatwa, imebaki sura ya Mwalimu tu, bila kichwa cha habari wala jina la gazeti. Na ule ukurasa mweupe? Wameujaza mshumaa wa kuchora na njiwa wawili.

Siwalaumu watoto. Wao walitoa fedha yao kwa mapenzi, na fundi alifanya alichoambiwa: apendezeshe. Ninachokihakiki mimi ni templeti, yaani ule ukurasa uliokwishachorwa na mtu mwingine, uliochaguliwa kwenye Canva au programu nyingine ya aina hiyo, ambao unakungoja ujaze matundu yake. Templeti ina maoni yake. Imeshaamua kwamba kila ukurasa una picha tatu, kwamba maneno hayazidi mistari miwili, kwamba furaha ni waridi na msiba ni njiwa. Wewe unadhani unaandika, kumbe unajaza fomu.

Haya yangeweza kuwa mabishano ya ladha tu, huyu anapenda maua, yule hapendi, kama isingekuwa neno moja nililoambiwa na mmoja wa watoto hao. Aliniambia kwamba kwa kuwa sasa kila kitu kimeingizwa kwenye kompyuta, lile kaunta buku linaweza kutupwa, maana limeanza kuliwa na mende na magazeti yake yamekuwa kahawia. Ni kweli yamekuwa kahawia. Karatasi ya gazeti huzeeka upesi, ndivyo ilivyotengenezwa. Lakini wino wa Mzee uko vile vile. Likitupwa, wajukuu wanaosoma Mwanza na Dar watarithi vipepeo.

Niseme kidogo na kitabu cha picha cha harusi nilichoonyeshwa Bunda, wasije watu wa Bunda wakadhani nimewasahau. Kurasa 40, karatasi nzito, mkono wa mtaalamu. Bwana na bibi harusi wamo kila ukurasa, wanauza sura mbele ya gari, mbele ya keki, mbele ya gari tena. Nikatafuta waliopika. Hakuna. Nikatafuta bibi aliyetoka kijijini na jogoo wake. Nikaona mkono tu, na nusu ya mbawa. Huo mkono ndio picha bora ya kitabu kizima na nina hakika umeingia kwa bahati mbaya. Tuendelee.

Je, vijana wanaotaka kutengeneza kitabu cha kumbukumbu wachote wapi mawazo ya kupanga kurasa? Jibu langu ni fupi: fungueni kabati la mama. Kanga ni ukurasa. Ina pindo linalozunguka pande nne, ina mji katikati, ina jina chini ya mji. Pindo linashika, mji unaonekana kwa mbali, jina linasomwa na anayekaribia. Hakuna hata kimoja kinachomwingilia mwenzake, na maneno yana mahali pake pa kudumu ambapo ua haliruhusiwi kukanyaga. Wenyeji wa pwani husema maneno hayo yaliletwa kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, na jina la mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, halikosi kutajwa. Chukua mpango huo, uweke picha moja kubwa katikati, pindo jembamba la rangi moja, na chini yake sentensi moja ya mtu aliyekuwapo siku hiyo. Utaona ukurasa unavyosimama.

Nyingine ni hadithi za picha. Kabla ya vijana wa leo kuzaliwa, Faraji Katalambulla, yule wa Simu ya Kifo, alikuwa na jarida la Film Tanzania ambamo hadithi nzima ilisimuliwa kwa picha zilizopigwa kwa waigizaji, na maneno yakiandamana nazo. Picha katika jarida la namna hiyo hazikupangwa kwa uzuri wa sura, zilipangwa ili ya pili ijibu ya kwanza. Mtu anafungua mlango. Picha inayofuata, nani yumo ndani. Albamu zetu nyingi hazina swali wala jibu. Ni msululu wa watu waliosimama.

Mtu atanibishia: wewe unachukia maua, mbona mabwana wakubwa wa picha waliyatumia? Kweli walitumia. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyekuwa na studio pale kuanzia miaka ya 1960, alikata picha kwa mkono na kuziunganisha upya, akaiweka sura ya mteja ndani ya ua au ndani ya kitu kingine, na kazi zile zinatazamwa hadi leo na wataalamu wa ng'ambo. Lakini ua la Bakor lilikatwa kwa ajili ya sura ile. Alikaa nalo, akapima, akaamua. Waridi la templeti halijui kama limewekewa bibi harusi, marehemu, au mtoto wa chekechea. Ua la mtu aliyekaa akaamua, mimi nalipigia makofi.

Na kwa watu wa Mara kuna darasa la bure zaidi, Makumbusho ya Mwalimu pale pale Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Mle picha zinakaa pamoja na vitu: zawadi alizopewa, mavazi, vyombo alivyotumia. Kitu kinaipa picha uzito. Kitabu chako nacho kinaweza kuwa na tiketi ya basi la Bunda, risiti ya duka la Mukendo, ripoti ya shule yenye alama mbaya. Vipige picha, viweke karibu na sura za watu. Tiketi ya basi haijui kuuza sura.

Sasa kuchapa. Hapa waandishi wengi chipukizi huwa wanakunja uso wakidhani ni mambo ya mafundi. Hapana bwana, ukurasa ukiharibika mashineni, sanaa yote imekwenda na maji.

Kwanza, ukubwa wa picha. Ili picha itoke safi inahitaji nukta kama 300 kwa kila inchi. Posikadi ya inchi 4 kwa 6 inataka nukta 1200 kwa 1800, na A4 nzima inataka 2480 kwa 3508. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huminywa, mara nyingi upande wake mrefu unabaki na nukta 1600 hivi, ambazo ni kama sentimeta 13 na nusu kwenye karatasi. Ukiitandaza A4 nzima lazima itoe ukungu. Mwombe mwenye picha aitume kama faili, au mfuate na flashi. Ndiyo, panda daladala umfuate.

Pili, umbo. Kurasa nyingi za mapambo zinazotoka Marekani ni za mraba, inchi 12 kwa 12. Hiyo ni sentimeta 30 na nusu, na karatasi ya A3 ina upana wa sentimeta 29.7. Haiingii. Kijana wa mashine ataipunguza mwenyewe bila kukuuliza, au ataikata pembeni, na hapo ndipo anapopotea shangazi aliyesimama mwisho wa mstari. Panga kwa karatasi zilizopo. Mraba wa sentimeta 20 unatoka kwenye A4 bila ugomvi. Kijitabu cha A5 kinatoka kwa kukunja A4, ila kumbuka kila karatasi inazaa kurasa nne, kwa hiyo hesabu yako igawanyike kwa nne. Na ukiamua spairo, acha sentimeta mbili upande wa ndani, maana meno ya spairo hayachagui kati ya karatasi na paji la uso.

Tatu, rangi zetu wenyewe. Kioo cha kompyuta kinatoa mwanga, karatasi haitoi. Sura nyeusi inayong'aa kwenye kioo inaweza kutoka kwenye mashine imekuwa kivuli chenye meno. Jambo hili lina historia yake: kwa miaka mingi rangi za filamu za Kodak zilipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyokuja kuitwa Shirley, na sura zetu zikajitegemea. Ongeza mwanga kidogo kabla ya kupeleka, chapa ukurasa mmoja wa majaribio, toka nao nje uutazame juani, ndipo uagize zilizobaki.

Wenye fedha wapeleke picha muhimu zikasafishwe kwenye karatasi halisi ya picha, hiyo hudumu. Mashine ya wino wa maji inapendeza siku ya kwanza, lakini tone la mvua likiidondokea inalia. Mashine ya unga haina uzuri ule, ila inavumilia, na kwa mambo yenye maandishi mengi mimi naichagua hiyo, tena kwa nyeusi tupu. Nyeusi ni rahisi, unaweza kutoa nakala kumi kwa bei ambayo ingekupa mbili za rangi. Kwa kumbukumbu, nakala kumi mbovu mbovu katika nyumba kumi ninazitegemea kuliko moja nzuri kabatini.

Nilimwuliza Mzee mwenyewe anakionaje kitabu cha maua. Akanishangaza. Anakipenda. Kinakaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, na wageni wote hukabidhiwa hicho. Kaunta buku liko chumbani, ndani ya sanduku la bati, limefungwa kwa kipande cha kanga. Alinieleza kwamba kile ni cha watoto wake, wamekitengeneza wao, na mtu hakosoi alichopewa na mwanawe. Hiki kingine ni chake, na hakuwahi kufikiria kwamba mtu mwingine angetaka kukisoma. Nikamwambia kwamba mimi nataka. Akacheka, akasema mura, utachoka na mabenchi.

Amekubali tukipige picha. Tulikaa mlangoni mwake asubuhi mbili, mwanga wa pembeni, simu imeegemezwa kwenye debe, kurasa 64 za mwanzo, kushoto na kulia pamoja na tarehe zake zote mbili. Hatukuchapa upya hata neno moja. Tumezipunguza ziwe A5, karatasi 16 za A4, pini mbili katikati, mashine ya unga, nyeusi. Mwandiko wa darasa la kwanza unasomeka bila miwani.

Ukurasa wa tarehe 23 upande wa kulia ulichapwa mara mbili, kwa sababu kijana wa mashine pale Musoma alidhani wino umekwisha.